Transfoma haitiwi dawa

Swali: Nasimamia kiwanda cha kubangua korosho Masasi. Tangu msimu uanze, transfoma yetu ya kVA 315 inachemka, mkono hauwekeki. Fundi ameniletea chupa ya “nano”. Anasema nikiichanganya na mafuta ya ndani, joto litashuka siku hiyo hiyo. Niinunue?

Jibu: Usinunue, ndugu yangu, na kama ameshagusa kizibo cha tangi, mrudishe nyuma. Chupa hizo nazijua. Moja niliiweka dirishani ofisini hapa Mtwara. Baada ya wiki tatu juu palikuwa na mafuta meupe, chini tope jeusi kama mashapo ya kahawa. Tope hilo ndilo unalouziwa.

Utafiti wa hiyo “nano” wenyewe si uongo. Mwaka 1995 Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, alitangaza wazo la kutia chembe ndogo mno kwenye vimiminika ili vibebe joto vizuri zaidi, na wengine wamelijaribu kwenye mafuta ya transfoma kwa chembe za alumina, titania na oksidi ya chuma. Lakini maabara hupaka chembe zisishikane, huzitawanya kwa mawimbi ya sauti, kisha hupima. Fundi wako ana kijiti cha kukorogea.

Kinachonichosha ni hii dhana kwamba mafuta ya transfoma ni kama oili ya injini, yakichoka unayaongezea kitu. Yale mafuta ndiyo yanayozuia umeme wa kV 33 usirukie tangi! Chembe zikishikana, zinaujengea umeme daraja. Halafu transfoma yako haina pampu: mafuta yakipata moto hupanda, hupita kwenye mapezi, hupoa, hushuka. Yafanye mazito uone kama yatatembea.

Na mkono si kipimajoto. Viwango vya kimataifa vya umeme, vya IEC, vinaruhusu mafuta ya juu kwenye tangi yazidi joto la hewa kwa nyuzi 60. Masasi ikiwa na nyuzi 32 na mzigo umejaa, mafuta yakikaribia 90 bado si ajabu.

Mwite fundi mwenye leseni apime ampea za kila fezi; kwa volti 400 zisizidi 455 hivi. Umeme ukizimwa, akaze viungio na kusugua mapezi. Viwanda vya korosho navijua: vumbi na moshi wa maganda hugandana pale kama lami, hewa haipiti. Wengi “nano” yao ilikuwa brashi tu.

Sampuli ya mafuta nayo ipimwe, inahimili kilovolti ngapi kwenye pengo la milimita 2.5. Unyevu wa huku pwani ni adui kuliko joto. Silika, zile punje za kukausha hewa kwenye kipumulio cha tangi, ikitoka bluu ikawa waridi, ibadilisheni, msingoje bajeti. Kuna mashine ya kusaga huko Lindi, walifungua kifuniko siku ya manyunyu ili “dawa” iingie. Koili hazikumaliza mwezi. Mafuta yaliyomwagwa wakagawana kwenye vidumu, eti ya kuchulia magoti, wakati transfoma ile ni ya zamani na mafuta ya namna hiyo huweza kuwa na PCB, sumu iliyopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Nilipofika, vidumu viwili tu ndivyo vilivyorudishwa.