Maswali na majibu: kutenganisha kampaundi za polari kwa safu za polima

Swali: Sukari zangu zote hutoka pamoja mwanzoni kabisa mwa safu ya C18 (mrija wa kromatografia uliojaa chembe zilizofungwa minyororo ya kaboni 18). Kasoro iko wapi?

Jibu: Safu yako ni nzima, ila haifai kwa kazi hiyo. C18 hushika molekuli zinazokimbia maji, na sukari, kama kampaundi nyingine za polari, hupenda maji. Hamia kwenye njia ambayo Andrew Alpert aliipa jina la HILIC (kromatografia ya mwingiliano wa kupenda maji) mwaka 1990: awamu tuli, yaani kijazo cha safu kisichosogea, inayovuta maji, na kimiminika chenye asetonitrili, kiyeyushi cha kikaboni, ya asilimia 60 hadi 95. Maji machache yaliyomo hujikusanya juu ya awamu tuli yakafanya tabaka jembamba, nazo kampaundi hugawanyika kati ya tabaka hilo na kimiminika kinachopita. Ukiongeza maji zitatoka mapema zaidi, kinyume cha ulivyozoea.

Swali: Nina safu ya amino ya silika (chembe za silika zilizofungwa vikundi vya amino). Ya polima ina faida gani?

Jibu: Uimara, hasa mbele ya alkali. Silika huanza kuyeyuka pH inapopita 8 hivi, na vifungo vinavyoshikilia amino hukatwa na maji kidogo kidogo, hata muda wa sukari kukaa ndani ya safu ukapungua. Polima kama alkoholi ya polivinili iliyofungwa amino haina kifungo hicho cha silika. Hata hivyo huvimba na kusinyaa kimiminika kinapobadilika na haivumilii shinikizo kubwa, kwa hiyo badilisha mchanganyiko polepole.

Swali: Kwenye safu ya amidi, glukosi safi hunipa vilele viwili kwenye mchoro wa kitambuzi. Je, imechafuka?

Jibu: Huenda haijachafuka hata kidogo. Glukosi ikiwa ndani ya maji huwa na maumbo mawili, alfa takriban asilimia 36 na beta takriban 64, yanayogeukiana muda wote. Yakigeukiana polepole kuliko safu inavyoyatenganisha, kila moja hutoka kivyake, au kilele kimoja hutanuka na kuwa na bega. Pandisha joto la safu, au tia besi kidogo kama triethilamini, ikiwa safu inaihimili. Safu za amino huponea hapo kwa kuwa uso wao wenyewe ni besi. Kabla ya hayo, pitisha sukrosi, ambayo haina mgeuko huo. Nayo ikigawanyika, kagua sampuli na maungio ya mirija.

Swali: Sampuli niiyeyushe katika maji matupu?

Jibu: La. Maji hayo huvuruga tabaka nililolitaja, na vilele hutanuka. Yeyusha kwa mchanganyiko unaokaribiana na kimiminika chako, kadiri sampuli itakavyokubali.

Swali: Bafa (mmumunyo wa kudhibiti pH) ya fosfeti itafaa?

Jibu: Katika asetonitrili nyingi fosfeti huganda na kuziba mtambo. Tumia asetati au fometi ya amonia, ambazo pia huvukizwa bila shida katika spektrometa ya masi, kifaa cha kupima masi ya molekuli.