Kichwa cha boliti ya krenki kimelika, nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, ya kupandia milima, naendea kazini kila siku hapa Tanga. Krenki ya kushoto, ule mkono unaobeba pedeli, ilianza kugonga nikikanyaga, nikampelekea fundi wa mtaani aikaze. Alenkii yake, ile spana ya pembe sita, ikateleza, na sasa tundu la boliti limekuwa duara. Haikazi, haifunguki. Ameniambia suluhisho ni kukata krenki kwa grenda. Ni kweli? Pia baba ana baiskeli ya Phoenix ambayo kota pini yake, ile pini inayofunga krenki kwenye ekseli, imegoma kutoka, miezi sasa. Nisaidie.

JIBU: Marahaba. Grenda iache kwanza. Boliti ni kitu cha bei ndogo. Ghali ni krenki yenyewe na ile ekseli ya katikati, na grenda ikipita pale utanunua vyote viwili. Katika kila hatua ninayokupa hapa chini, boliti ndiyo tunayokubali ife, vingine vibaki vizima.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha unajua upande wa kuzungushia. Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume, kwa hiyo watu wengi hudhani na boliti ya krenki ya kushoto ni hivyo hivyo. Sivyo. Kwenye ekseli ya pembe nne kama yako, boliti zote mbili, kulia na kushoto, hufunguka kinyume cha saa. Nimeona boliti nyingi zilizoliwa na mtu aliyekuwa anakaza kwa nguvu zake zote huku akiamini anafungua.

Halafu safisha lile tundu. Chukua msumari mwembamba au sindano ya kushonea magunia, chokoa tope lote lililoganda chini. Alenkii ya milimita 8 inatakiwa izame mpaka mwisho. Tope likijaa, inashika ukingo wa juu tu, na hapo ndipo pembe zinapolika. Huenda ukakuta huko chini pembe bado ni nzima.

Tanga kuna hewa ya chumvi, na krenki yako bila shaka ni ya alumini wakati boliti na ekseli ni za chuma. Metali hizi mbili zikikutana na chumvi na unyevu huota kutu nyeupe inayozikamata kama saruji. Kwa hiyo ilaze baiskeli ubavuni, upande wa kushoto juu, utie mafuta ya kupenya kuzunguka kichwa cha boliti, uache mpaka kesho. Kama hupati ya kopo, changanya asetoni na oili ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu, mbali na moto, maana asetoni hushika haraka. Kesho yake weka kipande cha mti chini ya krenki ya upande wa pili, usawa wa ekseli, kisha ugonge kichwa cha boliti kwa nyundo na kipande cha nondo. Mapigo machache makavu yanatosha. Yanavunja kutu, na ule mti unazizuia gololi zisibebe pigo lote.

Sasa jaribio lenyewe. Tafuta biti ya nyota, ile wanayotumia mafundi wa magari, namba T50. Upana wake ni karibu milimita 9, umezidi tundu lako kidogo, na ndiyo maana tunaitaka. Igonge kwa nyundo izame ndani ya lile duara mpaka nyundo ibadilishe mlio, kutoka mlio mzito kwenda mkali. Hapo imejichongea meno yake. Funga krenki kwenye bomba la fremu linaloelekea gurudumu la nyuma kwa ukanda wa tyubu kuukuu, uzungushe mara nyingi na ukaze, ili mikono yako yote ibaki na kazi moja. Tia spana ndefu, bonyeza biti kuelekea ndani, kisha vuta kwa nguvu inayopanda taratibu. Usitikise. Boliti za namna hii nyingi huachia hapa, kwa mlio mmoja mkali kama mti uliovunjika.

Ikikataa, tunatoboa kichwa. Usiogope hatua hii, ni salama kuliko grenda kwa mbali. Tundu lenyewe linakuongoza katikati. Anza na biti ya drili ya milimita 5, kisha 8.5, mwendo wa polepole, oili kidogo kidogo. Boliti hizi ni chuma kigumu, na drili ikienda kasi utaunguza biti bila kula kitu. Chips zikitoka ndefu zilizojikunja, unaenda vizuri. Zikitoka unga na moshi, punguza mwendo. Kichwa kikianza kuzunguka pamoja na biti, simama papo hapo. Kimeshakatika, na ukiendelea unaingia kwenye hesi za ekseli.

Kichwa kikitoka, mkazo wote uliokuwa unabana boliti umeisha. Kipande kilichobaki mara nyingi hutoka kwa bisibisi ndogo au kwa ncha ya tindo ukikisukuma kinyume cha saa. Kitoe kabla hujafunga pula ya krenki, kile kifaa cha kuing'oa krenki kwenye ekseli, la sivyo pula itasukuma kipande hicho badala ya ekseli. Pula yenyewe ifunge kwa mkono mpaka hesi zote zishike, kisha ndipo utumie spana. Krenki ikiwa ngumu, imwagie maji yanayochemka, sio moto wa gesi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo maji yanatosha, na moto wa gesi huilegeza alumini ikapinda baadaye ukiwa barabarani.

Wapo wanaochomelea nati juu ya boliti. Inafanya kazi, ila kama fundi wako ataamua hivyo, waya wa athi wa mashine ya kuchomelea aubane kwenye krenki yenyewe, kamwe si kwenye fremu. Umeme ukipita kwenye gololi unazichimba mashimo.

Ukinunua boliti mpya, angalia sana: hesi zake ni M8 kwa milimita 1, yaani unene wa milimita 8 na nafasi ya milimita 1 kati ya hesi na hesi. Boliti ya kawaida ya M8 ya dukani ni milimita 1.25, itaanza kuingia, utadhani inakubali, kisha itaua hesi za ekseli. Paka grisi kwenye hesi na chini ya kichwa. Kaza kwa takriban Nm 40, yaani ukiwa na mpini wa sentimita 20, ni kama kuning'iniza kilo 20 mwisho wake. Iangalie tena baada ya safari ya kwanza. Kama krenki bado inagonga, tundu lake la pembe nne limeshatanuka na hakuna boliti itakayoliponya. Badilisha krenki.

Ya baba ni nyepesi zaidi, kwa sababu krenki ya Phoenix ni chuma, kwa hiyo unaweza hata kuipasha moto. Legeza nati lakini iache usawa wa ncha ya pini, ilinde hesi. Simamisha kipande cha bomba nene chini ya krenki, pini ipate nafasi ya kushukia ndani yake, na bomba likae juu ya sakafu ngumu. Nyundo nzito, pigo moja la uhakika. Vipigo vidogo vingi hutanua ncha ya pini tu. Ukipata jiriwa au klempu ya C ya kuisukuma, ni bora kuliko nyundo. Pini ikipinda, ikate usawa wa krenki, utoboe katikati yake, kilichobaki kitasinyaa na kutoka. Pini mpya ziingize kwa pande zinazopingana, moja ikitokea mbele nyingine nyuma, ama sivyo pedeli za baba hazitakaa kwenye mstari mmoja.