Mnaoanza na miani midogo, ipelekeni kwenye chakula mapema

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa kuhifadhi chakula kwa dondoo za spirulina na klorela, yaani miani midogo ya majini, hapa Mbeya, msiridhike na majibu ya DPPH, kile kipimo cha maabara cha kubadilika rangi. Zambarau ikigeuka njano kwenye tyubu, mmejua tu kwamba dondoo inazima radikali huru, zile chembe zinazochochea kuchacha, ndani ya kimiminika. Mafuta ya alizeti ya Iringa ni habari nyingine kabisa.

Ukikamua miani kwa ethanoli unapata karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa, lakini klorofili, rangi ya kijani, nayo inakuja. Gizani haina neno. Mwanga ukiipiga ndani ya chupa angavu, inaichangamsha oksijeni, na mafuta yanaweza kuchacha kuliko hata yale ambayo hayakuwekwa kitu. Kwa hiyo kila sampuli igaweni: chupa moja ifungeni karatasi ya alumini, nyingine ikae dirishani. Pembeni wekeni mafuta matupu na mengine yenye BHT, kihifadhi cha viwandani cha kuzuia kuchacha, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Kisha pimeni peroksaidi, dalili ya mwanzo ya kuchacha. Thiosalfeti, inayoimaliza iodini iliyotolewa na peroksaidi, idondosheni tone kwa tone, na rangi ya bluu ya wanga ikikaribia kupotea punguzeni mwendo, maana tone moja la ziada linaharibu hesabu. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu peroksaidi hadi milliekwivalenti 15 za oksijeni kwa kilo kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa. Na nuseni pia; pua ya mpishi haisomi grafu.

Kuna baridi yetu. Mafuta yaliyokaa kabatini Mbeya mwezi Julai yatawadanganya, kwa sababu mnunuzi yuko Dar es Salaam. Wekeni seti nyingine kwenye inkubeta, kabati la kudhibiti joto, kwa joto la huko.

Ile bluu ya spirulina, fikosianini, huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, na moto unaiua. Msiipoteze kwenye jamu inayochemka. Ijaribuni kwenye mtindi, uliokwisha kupoa.

Kwa upande wa bakteria, nawaomba sana muwe waangalifu. Dondoo hizi kwa kawaida huwabana zaidi wenye Gramu chanya (wasio na utando wa nje), kama Staphylococcus, kuliko wenye Gramu hasi, kama E. coli na Salmonella. Msimwambie mama muuza maziwa kwamba sasa anaweza kuacha kuchemsha. Wala msichote miani ya bwawani mkaikamua: baadhi ya ile ya kijani-bluu ina sumu ya ini, mikrosistini, na kuchemsha hakuiondoi. Anzeni na mbegu safi inayojulikana ilikotoka.