Kipupwe hukausha juu tu

Swali la wiki lilikuwa hili: masika yakishapita, je, kipupwe cha Juni hadi Agosti ni wakati salama wa kuingia na gari la foo-wili au pikipiki ya matairi manne kwenye vinamasi na mikoko ya pwani? Nalijibu kwa ukanda wa Bagamoyo, kuanzia Mbegani na Kaole hadi mlango wa mto Ruvu, kisha mto Wami na Saadani. Si salama kama wengi wanavyodhani. Masika dereva huliona tope akageuza. Kipupwe huona ardhi nyeupe, kavu, yenye nyufa, akaiamini.

Kilichokauka ni gamba. Nyuma ya mikoko kuna viwanja ambavyo bahari huvifikia siku chache tu kwa mwezi. Jua na upepo wa kusi hukausha uso wake, chumvi ikaganda, lakini chini kumebaki tope la kijivu lililoshiba maji, maana tope laini namna hiyo halipitishi maji upesi. Gamba humbeba mtu, hata pikipiki iliyo katika mwendo, kisha likavunjika pale gari linaposimama au tairi linapozunguka bure. Udongo mweusi wa mbuga upande wa Saadani una hila yake: mvua ya usiku mmoja, hata ndogo, huufanya uso kuwa utelezi unaojaza meno ya tairi hadi tairi likawa laini mzunguko mzima.

Pimeni kabla ya kupita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu inatosha: iegemee kwa uzito wa mwili. Ikizama zaidi ya sentimita 15 bila kugota kwenye kitu kigumu, gari lisipite hapo. Rudia kila hatua kumi, kwa sababu vijito vya zamani hufukiwa na tope, na juu havionekani. Harufu ya yai viza ni onyo. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza wima kutoka ardhini ni onyo kubwa zaidi: huchomoza kufuata hewa, kwa kuwa ndani ya tope hilo hewa hakuna, limejaa maji mwaka mzima. Na visiki vya mikoko iliyokatwa hutoboa tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki.

Nchi za baridi kali wana tatizo la namna hiyohiyo, ila gamba lao ni barafu. Huko hushauriwa kwamba pikipiki ya matairi manne inahitaji takriban sentimita 13 hadi 18 za barafu angavu, na juu ya kinamasi hata kipimo hicho hakiaminiki, kwani majani yanayooza na maji yanayotembea chini huidhoofisha.

Sisi barafu hatuna, tuna bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari, na hapa ndipo ningependa kila dereva atulie asome. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Katika siku hizo za bamvu, pwani hii hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kabisa saa kumi au kumi na moja jioni. Yaani mtu anayefika asubuhi baada ya chai hukuta uwanja mpana uliokauka, saa ileile ambayo bahari inajiandaa kurudi. Na hairudi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya kimo chote. Ikiwa maji yalikupwa saa nne, basi kati ya saa sita na saa nane mchana ndipo yanapokimbia. Tena hujaza vijito kwanza, hivyo njia uliyojia hukatika nyuma yako wakati mbele bado pakavu. Uwanja uliokaa wiki nzima bila kuguswa na maji, katika maji mafu (siku ambazo bahari haijai sana), hufunikwa bamvu likifika. Tazameni jedwali la kujaa na kupwa, au waulizeni wavuvi, na muwe mmeshatoka kabla ya saa mbili kupita tangu maji yalipokupwa. Gari likinasa, hesabu ya muda uliobaki inaanzia pale maji yalipokupwa.

Likinasa, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure huchimba, na difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ikishakaa juu ya tope matairi hayana kazi tena. Shusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20; chini ya 15 tairi huweza kuchomoka kwenye rimu. Chimba kwa beleshi mbele ya matairi yote manne na chini ya difu, weka mbao au magunia ya makumbi, kisha toka kwa gia nzito polepole, ikiwezekana kwa kurudi ulikotoka. Jeki bila ubao mpana chini yake itazama yenyewe. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano za chesisi, kamwe si kwenye bampa wala kitufe cha kuvutia tela: kikikatika hurushwa kwa nguvu ya kuua. Tandika turubai zito katikati ya kamba, na watazamaji wakae mbali kwa umbali unaozidi urefu wa kamba mara moja na nusu. Winchi (mashine ya kuvuta kwa waya) isifungwe kwenye mkoko. Mizizi yake haina kina na mikoko inalindwa kisheria. Zika tairi la akiba kwenye ardhi ngumu, ufunge waya wa winchi kwenye hilo. Na jaza upepo upya kabla ya kurudi kwenye lami ya Msata.

Ushauri wa kawaida wa kutembea majini kwa miguu kupima kina usifuatwe Ruvu wala Wami. Kuna mamba na viboko. Jua la kipupwe huzama mapema, karibu saa kumi na mbili na robo, na viboko hutoka kula giza likiingia.

Pikipiki ya matairi manne nayo ina hatari yake. Matairi yake hubeba upepo wa psi 4 hadi 7 tu, hivyo huelea juu ya gamba na kumfikisha mtu pale ambapo hakuna gari litakaloweza kumfuata. Ikipanda ukingo wa kijito hupinduka kinyumenyume, na aliyelaliwa nayo huzama katika maji ya magotini. Msiende mmoja, msipakizane. Mtu akikwama miguu, alale chali kutawanya uzito, atikise mguu taratibu ili maji yaingie pembeni yake. Asivutwe kwa gari.

Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe. Maji hayashindiliki, konrodi (mkono wa pistoni) itapinda. Toa plagi kwanza, uzungushe injini maji yatoke. Difu ya moto ikiingia maji baridi hunywa maji kupitia kipumulio chake, kwa hiyo subiri ipoe kabla ya kuvuka. Ukirudi, osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi chini ya gari, breki na rimu, siku hiyohiyo. Gari lilale usiku kucha, asubuhi legeza nati ya chini ya difu: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Hata yakiwa matone, mwaga oili yote uweke mpya.

Msomaji, Bagamoyo