Mwangwi wa Clovis: chumba kitupu, spika moja na maiki moja

SWALI: Nina studio ya chumba kimoja hapa Singida. Sauti za waimbaji zinatoka kavu, na nikiweka mwangwi wa programu unasikika kama umebandikwa. Studio za zamani za miji midogo zilifanyaje? Nami naweza?

JIBU: Unaweza kabisa, ndugu yangu. Mfano ninaoupenda ni studio ya Norman Petty huko Clovis, New Mexico, Marekani, ambako Buddy Holly, mwimbaji wa rock 'n' roll, alirekodi wimbo "That'll Be the Day" Februari 1957. Petty alikuwa na chumba cha mwangwi: kitupu, chenye kuta ngumu. Spika inapiga sauti humo ndani, maiki inanasa kinachorudi kutoka ukutani, kisha kinachanganywa na sauti halisi. Katika "Peggy Sue", wimbo mwingine wa Holly, dramu za Jerry Allison, mpiga dramu wa bendi yake, zilizidi nguvu, zikahamishiwa sebule ya mapokezi, na Petty akawa anafungua na kufunga mwangwi wa dramu hizo huku bendi ikipiga. Ndiyo maana ngoma zile zinasogea na kurudi.

Wewe tumia bafu lenye vigae. Elekeza spika kwenye kona, maiki iwe mbali na iipe mgongo spika. Zikitazamana utanasa sauti ya moja kwa moja, na mwangwi utapotea. Punguza besi kabla sauti haijafika kwenye spika, la sivyo chumba kitavuma. Kuta zinazotazamana zikileta mlio wa kugongagonga, egemeza ubao mshazari. Na chaneli inayopokea maiki ya bafuni isirudishwe tena kwenye spika ile, maana itapiga yowe. Mwangwi huo uwe chini ya sauti ya mwimbaji: uongeze mpaka uusikie, kisha urudishe nyuma kidogo.

Lakini kuna jambo naliona kubwa zaidi. Petty alitoza kwa wimbo, si kwa saa, kwa hiyo vijana wale walipata nafasi ya kujaribu. Katika "Everyday", wimbo wao mwingine, Allison aliacha dramu akapiga magoti yake kwa viganja, na Vi, mke wa Petty, akapiga selesta, kinanda kidogo chenye sauti kama ya kengele. Anayehesabiwa dakika hathubutu hivyo. Kama unatoza kwa saa, anza na wasanii wawili watatu kwa bei ya wimbo, ila mkubaliane mapema marekebisho yatakuwa mangapi.