Mtu wa glavu moja

Mwanangu,

Mama yako mzima. Goti langu tuliache.

Unauliza kama, baada ya miaka minne ya ndondi, uongeze jujitsu au uanze na judo. Nitafika huko, ila kwanza Krismasi. Ulinionyesha kwenye simu lile pambano la Denver la 1993: Art Jimmerson, mwanandondi, glavu mkono wa kushoto tu, amekaliwa na Royce Gracie, mtu wa jujitsu, mchezo wa kukabana chini, anasalimu amri hata kabla hajakabwa. Nyote mkaangua kicheko. Mimi nikatoka kwenda kuangalia kuku. Kuku hawakuwa na neno.

Mwaka 1976 nami nilicheka hivyo hivyo. Inoki, mwanamieleka wa Japani, alijilaza chali kule Tokyo, raundi baada ya raundi hadi 15, akimpiga bondia Muhammad Ali mateke ya miguuni. Sisi vijana wa Kaloleni tukasema, huyu kaja kupigana au kulala? Ikawa sare. Miguu ya Ali iliyoumia wala hatukuitaja.

Kisha akaja ukumbini kijana mmoja mwembamba wa judo, akaomba tujaribiane. Nikarusha kushoto. Ya kulia haikutoka. Alidaka mkono, akageuka, nikajikuta juu ya mgongo wake, nikaiona balbu ya dari, halafu mbao za sakafu zikanipokea. Mwereka huo niliula mbele ya mama yako, na posa nilikuwa bado sijapeleka! Mpaka leo nikimbishia sana huangalia tu sakafu.

Miguu ndiyo inayopigana, mikono hukusanya tu. Umelisikia neno hilo tangu hujui kufunga kamba za viatu. Sasa, siku ile miguu yangu ilikuwa wapi? Hewani. Kwa hiyo nilikosea? Hata! Yule kijana alinishinda kwa miguu. Mikono yake ilikusanya tu. Nataka kukwambia mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye alishika mmoja, wangu, na haukumponyoka.

Sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha. Ila popote utakapokwenda, wakufundishe kuanguka kabla ya kuangusha: kidevu kifuani, mkono uchape mkeka, pumzi itoke. Mimi niliangukia bega. Ndilo hilo unaloniona nikilikwepa kila ndoo ya maji inapotaka kubebwa.

Baba yako