Siku moja Mombasa na watoto

Swali: Mambo mhariri, nashuka Mombasa na watoto wawili asubuhi na jioni tunapanda treni, tuanzie wapi wasiboeke?

Jibu: Poa! Anzeni Fort Jesus mapema, jua likipanda kule juu ukutani hapakaliki. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, halafu Waomani wakaja kuizingira tangu 1696 mpaka wakaichukua 1698, sasa waonyeshe mizinga ukiwapigia hiyo stori uone kama kuna atakayeuliza simu. Mkitoka ingieni Mji wa Kale kwa miguu, milango ya nakshi, Msikiti wa Mandhry, wewe kahawa tungu wao kashata. Mtu wa kuwatembeza mpatane bei kabla hamjaanza. Mapembeni, pale kwenye pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, pigeni picha tu, kisha msonge mbele.